Niupunguze mwili kwanza, au nianze kemo?

Assalaam aleikum, Bi Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Langoni, Lamu. Nina miaka 41 na hedhi bado naiona. Urefu wangu ni sentimita 160, na mizani ya kliniki imeandika kilo 96. Riziki yangu ni mahamri na mikate ya mofa. Huamka saa tisa za usiku kukanda, na ikifika alfajiri wateja wako mlangoni.

Miezi mitano iliyopita nililala kifudifudi nikahisi kitu kigumu katika ziwa la kushoto, upande wa kwapa. Nilikokwenda kwanza nikaambiwa ni mafuta, kwamba ziwa kubwa halikosi mafundo. Nikatulia miezi mitatu. Kilipozidi nikaenda kwengine, nikapigwa ultrasaundi, kisha Alhamisi moja asubuhi wakanichoma sindano nene mara nne. Vile vinyama walivitia kwenye mkebe wenye maji ya dawa, nikakabidhiwa niupeleke Mombasa mwenyewe. Niliondoka Mokowe siku ya pili, nikafika Mombasa Ijumaa jioni maabara imeshafungwa. Waliupokea Jumatatu.

Majibu yamekuja: saratani, daraja la 3, sentimita 3.4, na tezi moja ya kwapani imeingiliwa. Vipokezi vyote vitatu, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara ya kukua (za homoni za estrojeni na projesteroni, na kile cha HER2), vimeandikwa hasi. Daktari alinieleza kwamba hii ni aina kali inayokua haraka, na kwamba nitaanza na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, kisha upasuaji. Halafu akasema, "Uzito nao una uhusiano wake." Hakuendelea, nami sikuuliza. Neno hilo limenikaa moyoni mpaka leo.

Nilipofika nyumbani mavyaa wangu alisema mwili huu ndio uliolea ugonjwa, niupunguze kwanza ndipo dawa ipate njia. Wifi yangu anauza unga wa kupunguza mwili na ananihakikishia kilo 15 kwa siku arubaini. Nimeshaanza. Nala mara moja kwa siku, nanywa unga asubuhi na jioni. Kwa wiki mbili zimetoka kilo 5, ila kizunguzungu hunishika nikiinama kwenye mofa na tumbo linaendesha. Najipa moyo kwamba nikiyakata mafuta nitainyima saratani chakula. Isitoshe, mama mmoja niliyekaa naye kliniki aliniambia wanene hupunguziwa kipimo cha kemo ili moyo usishindwe. Nikawaza, afadhali nipungue kwanza nipewe dawa kamili.

Miadi yangu ya Mombasa ni siku kumi kutoka leo. Mume wangu ameniambia niamue mwenyewe, na kimya chake kinanitia uzito. Nina binti wa miaka 17, mnene kama mimi. Nimwambie nini? Mama yangu mdogo alifariki kwa ziwa akiwa na miaka 44, lakini yeye alikuwa mwembamba kama ufito, kwa hivyo lake nadhani lilikuwa jambo jingine.

Nijibu, dada. Je, haya nimejiletea mwenyewe?

Mpishi wa Langoni

*

Wa aleikum salaam, dadangu.

Pole sana. Barua yako nimeisoma kwa makini, na kabla ya yote nakushukuru kwa kuandika kila kipimo. Wengi hutuandikia "nina uvimbe" basi. Wewe umetupa sentimita, daraja na vipokezi, na mtu anayeweza kuyaeleza haya anaweza pia kumuuliza daktari wake maswali mazito. Naona una njia mbili mbele yako: kwenda Mombasa baada ya siku kumi na kilo zako 91, au kuahirisha mpaka mwili upungue. Nyuma ya hizo mbili kuna swali lililokuumiza zaidi, la nani mwenye makosa. Nianze na hilo.

Uhusiano wa unene na saratani ya ziwa upo, wala hakuna haja ya kukuficha. Lakini hauko kama mavyaa alivyoueleza. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa wanawake waliokwisha koma hedhi. Kwao vifuko vya mayai vimeacha kutoa estrojeni, na mafuta ya mwili ndiyo yanayoitengeneza kwa kimeng'enya kinachoitwa aromatasi. Mafuta yakiwa mengi, estrojeni huwa nyingi, na saratani zenye vipokezi vya estrojeni hupata cha kuzisukuma. Wewe hedhi unaiona, na saratani yako, kwa majibu uliyonayo, haina vipokezi hivyo. Kwa wanawake wa umri wako, ukizitazama saratani zote za ziwa kwa jumla, wanene hata huonekana kuzipata kidogo kuliko wembamba. Kuhusu hii aina ya vipokezi vitatu hasi, tafiti kadhaa zimeona hatari imepanda kidogo kwa wanene ambao hawajakoma hedhi, na nyingine hazikuona hivyo. Nakuomba upime mwenyewe: kwa ushahidi kama huo, mtu anaweza kukusimamisha akakwambia umejiletea?

Kuna maana ya pili ya maneno ya daktari, na huenda ndiyo aliyoikusudia. Uzito unahusika na yale yanayofuata baada ya ugonjwa kuingia. Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 82 zenye wanawake zaidi ya 213,000 waliougua saratani ya ziwa. Waliokuwa na unene wa kupindukia kabla ya kugunduliwa walikuwa na hatari ya kufa kwa saratani hiyo iliyozidi kwa asilimia 35 hivi kuliko wenye uzito wa kawaida. Sababu zinazotajwa ni nyingi. Insulini, homoni ya kudhibiti sukari, hukaa juu. Homoni ya mafuta iitwayo leptini huzidi. Seli za kinga huyazunguka mafuta yaliyojaa kupita kiasi na kuleta uvimbe-joto (kinga ya mwili kuwaka kama kwenye jeraha) wa chinichini usiokwisha, na mazingira hayo huzisaidia seli za saratani kukua na kusambaa. Lakini ziko pia sababu za upande wa matibabu: uvimbe kuchelewa kugunduliwa ndani ya ziwa kubwa, na dawa kutolewa pungufu. La kwanza limeshakupata. Ile miezi mitatu ya "ni mafuta tu" haikuletwa na unga wa ngano. Uvimbe mgumu mpya kwa mwanamke wa miaka 41, awe na umbo lolote, hupigwa picha.

Sasa turudi kwa mama yako mdogo, maana umempitisha haraka. Umesema lake ni jambo jingine kwa kuwa alikuwa mwembamba. Mimi naona huenda ikawa kinyume chake. Saratani ya vipokezi vitatu hasi hutokea zaidi kwa wanawake wa umri mdogo, kwa wenye asili ya Kiafrika, na kwa wenye kasoro ya kurithi katika jeni (chembe ya urithi) iitwayo BRCA1. Wewe una miaka 41, yeye alifariki na 44, naye ni ndugu wa mamako. Mwambie daktari wa Mombasa habari hii siku ya kwanza, hata asipouliza. Uwezekano wa urithi hubadilisha maswali ya upasuaji, na hugusa wasia wa kumpa binti yako, nitakaoufikia.

Tuje kwenye zile siku arubaini. Nia yako naielewa, na haikukosa mantiki yote: kupunguza uzito polepole kwa miezi kadhaa hushusha insulini na ule uvimbe-joto. Ninalokuomba ulitazame upya ni wazo la kuinyima saratani chakula. Mtu akijinyima ghafla, ini huendelea kutengeneza sukari, nayo huitoa katika nyama za misuli. Uvimbe unaendelea kula, na anayepungukiwa ni msuli wako. Kilo 5 kwa wiki mbili huku tumbo likiendesha ni maji na msuli kwa sehemu kubwa. Mwenye mwili mkubwa na misuli michache huumizwa zaidi na kemo kuliko mwenye mwili uleule na misuli mizima. Na muda wenyewe una gharama. Uchambuzi wa mwaka 2020 wa saratani kadhaa, ya ziwa ikiwemo, ulikuta kwamba kila wiki nne za kuchelewesha upasuaji huongeza hatari ya kufa kwa asilimia 6 hadi 8. Kwako kinachoanza ni dawa, lakini hesabu ya muda ni ya namna moja, na daraja la 3 maana yake seli zinagawanyika kwa kasi.

Ule unga unanitisha kuliko njaa. Uache leo au uendelee ni juu yako, ila beba kopo lenyewe kliniki, pamoja na karatasi yake. Unga na chai za kupunguza mwili mara nyingi huwa na sanamaki au dawa nyingine ya kuharisha. Kuharisha huondoa potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika. Mojawapo ya dawa zinazotumika sana kwa saratani kama yako ni doksorubisini, ambayo yenyewe moyo huuchokoza. Mitishamba mingine hupandisha vipimo vya ini, na dawa nyingine ya mpango huo, paklitakseli, husafishwa na ini. Vipimo hivyo vikiwa juu siku ya dawa, utarudishwa nyumbani bila dawa, na safari yako yote ya Mombasa imepotea.

Kuhusu kipimo, yule mama hakusema uongo kabisa. Ni kweli wako madaktari waliozoea kuwapunguzia wanene. Lakini chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2012, kikauhuisha 2021, kwamba mtu mnene apewe kipimo kamili kwa uzito wake halisi, kwa sababu kupunguza hudhoofisha tiba na hakuna ushahidi kwamba kipimo kamili humdhuru zaidi. Nikupe hesabu uone. Eneo la mwili hupatikana kwa kuzidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, kugawanya kwa 3,600, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Kwa sentimita 160 na zile kilo 96 za mizani ya kliniki unapata mita za mraba 2.07. Doksorubisini hutolewa miligramu 60 kwa kila mita ya mraba, yaani miligramu 124 kwako. Mtu akitumia "uzito unaotakiwa" wa kilo 60, eneo linakuwa 1.63, na utapewa miligramu 98. Zaidi ya sehemu moja kwa tano ya dawa imepotea. Kwa hivyo huhitaji kupungua ili upate dawa kamili. Unahitaji kuuliza, kwa adabu na bila woga: "Daktari, kipimo changu kimehesabiwa kwa uzito wangu wa leo?" Hofu ya moyo ina njia yake: eko ya moyo (picha ya ultrasaundi ya moyo) kabla ya kuanza, na hesabu ya jumla. Mizunguko minne ya doksorubisini hufikia miligramu 240 kwa mita ya mraba, na hatari ya moyo huanza kupanda sana ikikaribia 450. Sukari pia ipimwe mapema, kwa sababu deksamethasoni inayotolewa kuzuia kutapika huipandisha.

Lipo jambo moja katika barua yako ambalo pengine hukulitilia maanani: ule mkebe. Yale maji ya dawa ni formalini, na kwa vipimo vya vipokezi nyama hutakiwa kukaa humo kati ya saa 6 na 72. Yako iliingia Alhamisi asubuhi ikapokelewa Jumatatu. Nyama iliyopitiliza muda wakati mwingine husomwa hasi hali si hasi. Sisemi majibu yako ni makosa. Daraja la 3 na umri wako vinaendana nayo. Lakini muulize daktari kama maabara iliridhika na ubora wa sampuli, na kama kuna haja ya kurudia vipimo kwenye nyama iliyobaki au kuchoma sindano upya. Kama estrojeni ingekuwa chanya, kuna vidonge vya miaka mitano au zaidi ambavyo hungepaswa kuvikosa. HER2 nayo ina dawa zake. Kurudia kipimo si lazima kuchelewesha kemo, lakini ombi lazima litolewe kabla dawa haijauyeyusha uvimbe.

Ukiniuliza njia zilizopo, naziona zaidi ya mbili. Unaweza kuahirisha siku arubaini. Utapata nafasi ya kupanga biashara na watoto, na hatari zake nimezitaja. Unaweza kutafuta maoni ya daktari wa pili, jambo ambalo ni haki yako, ila lipe tarehe ya mwisho, kwa sababu "nitafute kwanza" huwa haina kikomo. Unaweza kuanza kwa tarehe uliyopewa na kuushughulikia uzito ukiwa ndani ya matibabu na baadaye. Hii ya tatu nayo ina ugumu wake. Kemo yenyewe huweza kunenepesha, kwa uchovu na zile dawa za kuzuia kutapika, na ukiingia ukitarajia kupungua utavunjika moyo. Lengo la miezi ile ni kutoongezeka na kulinda misuli: protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo, kiasi ambacho mtaalamu wa lishe atakirekebisha kwa mwili wako. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina gramu 20 na ushei, yai lina 6. Changu wa kupaka asiyezama kwenye tui, kunde, mayai ya kuchemsha, vyote unavyo. Mahamri uyauze. Na miguu yako ina njia ya pwani ya kwenda Shela, kama kilomita 3. Siku unazojiweza nenda nusu yake urudi, jua likiwa limepoa.

Faida moja ya kuanza na kemo kabla ya kisu ni kwamba utauona uvimbe ukipungua, na daktari ataupima. Aina hii ni kali, lakini pia huitikia kemo kuliko nyingi, na wale ambao kwao upasuaji haukuti tena seli za saratani hutazamiwa mema zaidi.

Ukiamua kwenda, yafikirie ya njiani. Saratani, kemo, unene na kukaa saa nyingi kwenye basi, vyote vinne husababisha damu kuganda mguuni. Kila basi linaposimama shuka utembee, kunywa maji, na mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, usisubiri kufika nyumbani. Siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dawa kinga huwa chini kabisa; homa ya nyuzi 38 wakati huo ni dharura ya saa ileile. Kama una jamaa Mombasa wa kukaa naye wiki mbili za mzunguko wa kwanza, mpigie sasa. Mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali, wa mwaka uwe umelipwa, na kibali cha matibabu kiombwe kabla ya siku ya dawa.

Mavyaa wako simuoni kuwa adui. Mtu mzima akiogopa hushika lile analoliweza, na uzito ndio unaoonekana kwa macho. Vipi ukimwomba mumeo mwende naye kliniki, naye ndiye amuulize daktari la uzito na la siku arubaini, kisha akamjibu mamake? Kimya cha "amua mwenyewe" mara nyingi ni cha mtu asiyejua aulize nini. Mpe maswali matatu kwenye karatasi.

Na binti yako. Akisikia nyumbani kwamba mwili wa mama ndio uliomletea saratani, atauchukia wake. Mwambie kwamba mama anaumwa, jina la ugonjwa, na kwamba mamake mdogo wa mama naye aliugua. Kuhusu chakula na kutembea, fanyeni nyumba nzima, wanaume pia, bila kumtaja yeye. Kipimo cha jeni huanza kwa mgonjwa mwenyewe; hakipatikani kila mahali na bei yake si ndogo, kwa hivyo uliza gharama mapema. Kikionyesha una kasoro ya BRCA1, kila mtoto wako, wa kiume na wa kike, ana nusu kwa nusu ya kuirithi, na binti atachagua mwenyewe kupimwa akishatimiza miaka 18. Kisipoonyesha kitu, bado ataeleza kila kliniki atakayokwenda kwamba mamake aliugua akiwa na 41, ili vipimo vyake vya ziwa vianze mapema kuliko vya wenzake.

Tuandikie baada ya miadi, vyovyote utakavyoamua. Nami nakuombea afya.